Baiskeli ya Ijumaa: uchambuzi wa kisa cha kijana mmoja wa Ngamiani

Kisa kinaanzia kwenye ukuta wa msikiti, Ngamiani, Tanga, Ijumaa moja saa saba mchana. Baiskeli kama thelathini zimeegemezwa ukutani, nyingine hazina hata kufuli. Wageni hushangaa wingi wa baiskeli mjini kwetu, na sisi hushangaa wanachoshangaa. Mji ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zinaitwa kwa namba, na baiskeli ndiyo inayompeleka mama sokoni na mzee msikitini. Hotuba ikiwa katikati, alipita mvulana wa miaka 15, akainama kama anayefunga kamba za viatu, akachokonoa kufuli kwa kipande cha spoki, akaondoka na Phoenix ya mwenye duka mmoja.

Nitamwita Dogo, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu kabla hajapewa jina jingine. Mambo kadhaa nimeyabadili asije akatambulika. Mimi wakati huo nilikuwa afisa ustawi wa jamii, na ndiye niliyeandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii iliyopelekwa Mahakama ya Watoto. Kurasa tatu. Naikumbuka karibu neno kwa neno, na kila nikiikumbuka naona ilivyojibu vizuri swali ambalo halikuwa lenyewe.

Baiskeli aliiuza siku hiyohiyo kwa shilingi 35,000. Mnunuzi ni mtu mzima anayeuza vipuri vilivyotumika, na ana kazi nyingine ya kimyakimya ya kuchinja baiskeli: fremu inapakwa rangi, ringi zinakwenda huku, keria na pedeli zinakwenda kule, na kufikia jioni hakuna tena baiskeli ya kuulizia. Kilichowaumbua ni kiti. Mke wa mwenye duka alikuwa amekishonea kava la kipande cha kanga, na mnunuzi akakiuza na kava lake. Jumatano iliyofuata mwenye mali alikiona karibu na soko la Mgandini, kimekaliwa na mtu asiyemjua. Aliyekalia akamtaja aliyemuuzia, na aliyemuuzia akamtaja Dogo.

Kabla ya nadharia, tukae kidogo kwenye zile 35,000, maana mara nyingi fedha husema mambo ambayo mdomo unayaficha. Nilimuuliza alizitumiaje, akanihesabia kwa vidole. Elfu kumi na tano zilikwenda kwenye chipsi mayai, sahani sita, yeye na wenzake watano wa kijiweni. Elfu tano alibetia, mikeka miwili, yote ikachanika. Elfu kumi aliziingiza usiku kwenye kopo la mtaji la mama yake, anayeuza mihogo na samaki wa kukaanga, bila kumwambia. Elfu tano alikutwa nazo mfukoni. Mama alinisimulia kwamba siku ile alihesabu mtaji mara tatu, akajua alikuwa amekosea hesabu ya jana, akasema alhamdulillahi.

Sasa taarifa yangu. Ilisema hivi: mtoto ametenda kosa kutokana na umaskini wa familia na ushawishi wa makundi rika. Sentensi hiyo imo karibu katika kila taarifa niliyoiandika kazini. Ningeweza kuichongea muhuri.

Umaskini ulikuwepo, siukatai. Babu yake alifika Tanga kama manamba wa kukata mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na mashamba ya Tanga ndiyo yaliyokuwa kitovu. Zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakarudi pori. Baba yake Dogo akakimbilia kiwandani, viwanda navyo vikafunga milango kimoja baada ya kingine, akaaga kwamba anakwenda kutafuta, na hajarudi mpaka leo. Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa aliyeandika mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa na neno la hali kama hii: anomia. Mabadiliko yanakuja kwa kishindo, kanuni za zamani zinalegea kabla mpya hazijashika, na mtu hajui tena kipi cha kutarajia na kipi ni tamaa.

Mwaka 1938 Mmarekani Robert Merton akalichukua neno hilo na kulinoa. Jamii, alisema, huwagawia watu wote malengo yaleyale lakini haiwagawii wote njia. Hapo watu hutawanyika: wapo wanaoshika lengo na njia halali, wapo wanaofuata taratibu kwa mazoea bila kutarajia lolote, wapo wanaojitoa katika vyote viwili, kama teja aliyelala barazani, wapo wanaotaka kuupindua mpangilio mzima, na wapo wanaolishika lengo wakajitafutia njia yao. Hawa wa mwisho aliwaita wabunifu. Ni jina la heshima kweli kwa mtu aliyefungua kufuli kwa spoki.

Merton anakaa vizuri Tanga kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakusema umaskini peke yake unazaa uhalifu. Alisema tatizo ni umaskini unaokaa jirani na ahadi. Miaka ile mji mzima ulikuwa ukizungumzia bomba la mafuta, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, mwendo mfupi tu kutoka tulipokaa. Kila kijiwe kilikuwa na mtu anayemjua mtu aliyeingia bombani. Vijana waliona vizibao vya kung'aa na magari mapya. Dogo alikuwa ameacha shule kidato cha pili. Ada ilikuwa imefutwa tangu 2016, ndiyo, lakini sare, madaftari na mchango huu na ule havikufutika nyumbani kwao. Alijua kabisa kwamba bombani haingii.

Hadi hapo taarifa yangu inasimama. Inapoangukia ni kwa kaka yake.

Kaka alikuwa na miaka 17. Mama mmoja, chumba kimoja, mkeka mmoja wa kulalia, baba yuleyule aliyeondoka. Naye shule iliishia njiani. Tena ile ya kufungua kufuli kwa spoki Dogo aliiona kwake: kaka alikuwa akijifunza ufundi wa baiskeli kwa fundi mmoja chini ya mwembe, na watu waliopoteza funguo walikuwa wakiletwa pale kila siku. Kwa hiyo aliyejua kuiba baiskeli vizuri zaidi katika nyumba ile hakuwahi kuiba hata nati.

Edwin Sutherland, aliyekamilisha nadharia yake ya maingiliano mwaka 1947, angetuambia tusishangae. Uhalifu hufunzwa, alisema, hasa katika kundi la watu wa karibu, na kinachofunzwa si mbinu tu. Zinafunzwa pia sababu, yale maneno yanayomfanya mtu aone kwamba kuvunja sheria si jambo. Ukiyasikia hayo mara nyingi kuliko yale yanayokukataza, na ukayasikia kutoka kwa watu unaowathamini, mzani unalala upande huo. Pale chini ya mwembe, mtu akileta kipuri kuuza, fundi haulizi bei kabla ya kuuliza "Hiki umekitoa wapi?" Kaka alilisikia swali lile mara ishirini kwa wiki. Kijiweni kwa kina Dogo hakuna aliyekuwa akiuliza.

Maneno ya kijiweni niliyapata kutoka kwa Dogo mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi.

"Mzee, mimi sikuiba. Niliichukua tu."

Nikamuuliza tofauti yake.

"Yule ana duka. Kesho yake si amenunua nyingine? Halafu yeye mwenyewe mchele wake mzani haujai, muulize mama."

Gresham Sykes na David Matza waliyaandikia maneno kama haya mwaka 1957. Vijana wengi wanaovunja sheria, walisema, hawana maadili yao mengine ya pembeni. Wanayo yaleyale ya wazazi wao, ila wana njia za kuyazimisha kwa muda: hakuna aliyeumia, aliyeumia alistahili, wanaonihukumu nao si wasafi, sikuwa na hiari, nilifanya kwa ajili ya wenzangu. Dogo alizitaja tatu kwa pumzi moja, na hajawahi kumsikia Matza. Zaidi ya hapo, kama angekuwa haamini kwamba wizi ni vibaya, zile elfu kumi asingeziingiza kwenye kopo gizani. Angempa mama mkononi.

Chipsi nazo zina nadharia yake. Albert Cohen, mwaka 1955, aliandika kuhusu wavulana wanaopimwa shuleni kwa kipimo wasichoweza kukifikia, wakajitengenezea kipimo chao wenyewe mitaani ambako wanaweza kuwa mtu. Cohen alisema wizi wa namna hiyo mara nyingi hauna hata faida, na hapo simfuati moja kwa moja, kwa sababu Dogo alijua bei ya alichokichukua. Lakini sahani sita! Mtoto ambaye nyumbani kwao mlo ni mihogo iliyobaki kuuzwa hakujinunulia kiatu. Aliagiza sahani sita, akakaa katikati. Siku ile moja aliitwa bosi.

Kuhusu mnunuzi nina hasira ambayo haijapoa. Richard Cloward na Lloyd Ohlin walieleza mwaka 1960 jambo ambalo polisi yeyote anajua: hata njia haramu zina milango, na si kila mtaa unayo. Mtoto hawezi kuwa mwizi wa baiskeli mahali ambapo hakuna wa kuzinunua. Mtaa ule ulikuwa naye, anaamkiwa shikamoo, anatoa mchango wa futari, na katika kisa kizima alikuwa shahidi. Hakushtakiwa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa ameshirikiana vizuri.

Lawrence Cohen na Marcus Felson, wa 1979, nawapa sentensi moja, nao hawahitaji zaidi: kosa hutokea mtu mwenye nia anapokutana na mali isiyolindwa mahali ambapo mlinzi hayupo, na kwa Tanga Ijumaa saa saba walinzi wote wamekaa mkekani wakimsikiliza khatibu.

Wa mwisho ni Clifford Shaw na Henry McKay. Mwaka 1942 walionyesha kwa ramani za Chicago kwamba mitaa fulani iliendelea kuwa na watoto wengi mahakamani hata wakazi walipohama wote na kuja wengine wa asili tofauti, kwa hiyo kasoro ilikuwa ya mtaa wenyewe, wala haikuwa ya kabila la watu. Hilo la mwisho ningependa wasome wale wanaosema vijana wa pwani ndivyo walivyo. Lakini walichokitegemea, kwamba wakazi hawajuani kwa sababu ya kuhamahama, hakipo Ngamiani. Sisi tunajuana mpaka tunachoshana. Pale kwenye kahawa wazee walimwona Dogo akikokota baiskeli isiyo yake na mmoja akasema kabisa, "Ile si ya mwenye duka?" Kisha wakaendelea na habari za timu yetu ya Coastal Union. Watu hupenda kusema zamani mtoto alikuwa wa wote, kila mzee angemchapa. Sijui kama tulikuwa bora. Najua wale wazee watano walijua, na hawakuinuka.

Kwa hiyo kwa nini kaka hakuiba? Travis Hirschi, mwaka 1969, aliligeuza swali lote. Tusiulize kwa nini watu wanaiba, alisema, maana sababu za kuiba kila mtu anazo. Tuulize kinachowazuia. Akataja vifungo vinne: mapenzi kwa watu wa karibu, kile ambacho mtu ameshakiwekeza na anaogopa kukipoteza, shughuli zinazojaza siku, na kuamini kwamba sheria ina haki ya kufuatwa. Mapenzi kwa mama walikuwa nayo wote wawili, na kwa Dogo mapenzi hayohayo ndiyo yaliyopeleka elfu kumi kwenye kopo. Cha kaka ambacho Dogo hakuwa nacho kilikuwa sanduku.

Nililiona. Sanduku la bati lililowahi kuwa la biskuti, kutu pembeni, bawaba moja imefungwa kwa waya. Ndani kulikuwa na spana namba 15 iliyosuguka mpaka inang'aa, koleo, tupa, mikasi ya kukatia viraka, na solusheni iliyobanwa mkia kama dawa ya meno inayoisha. Kila kifaa alikinunua mwenyewe, kimoja kimoja, kwa miezi kumi na minne. Nilipomuuliza kama hakuwahi kutamani njia ya mkato, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Mzee, nikifukuzwa hapa sanduku naliweka wapi?"

Hadi hapa nimekieleza kisa cha kwanza, na nadhani nimekieleza vizuri kuliko nilivyofanya kwenye zile kurasa tatu. Lakini kulikuwa na cha pili.

Siku alipotajwa, Dogo hakufikishwa polisi moja kwa moja. Zilitangulia zile kelele za mwizi-mwizi, na wakaja wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyemtoa, akiwa amechanika juu ya jicho. Alikaa wiki tatu mahabusu ya watoto, kesi ikasikilizwa faragha kama sheria inavyotaka, jina halikutajwa popote, akaachiliwa kwa masharti chini ya uangalizi wangu. Kwenye karatasi, kila kitu kilikwenda sawa.

Mtaani aliitwa Dogo Baiskeli. Baadaye Baiskeli tu. Watoto wa miaka sita walimpigia kengele kwa mdomo, kiringi-kiringi, akipita. Wateja wa mama walianza kuhesabu chenji mara mbili mbele yake. Ikipotea ndala, ikipotea kuku, ukipotea mtungi wa gesi, wa kwanza kugongewa ni wao. Mama mwenye kuku alimpata kuku wake kwa jirani siku ya tatu, wala hakurudi kusema. Nilimwombea nafasi chini ya mwembe, kando ya kaka yake. Fundi ni mtu mwema, na alinijibu bila kuzunguka: "Bwana ustawi, mimi baiskeli za watu zinalala hapa. Huyu nikimweka, nani ataniachia yake?"

Frank Tannenbaum alilisema hili mwaka 1938, Edwin Lemert akalipanga mwaka 1951, na Howard Becker akalifanya lijulikane mwaka 1963. Kosa la kwanza lina sababu mia, na watu wengi hulifanya likapita. Kinachogeuza maisha ni itikio la watu: jina likishabandikwa, milango inafungwa, na mtu anaanza kujipanga kulizunguka jina. Lemert alitenganisha ukengeufu, yaani kuvunja kanuni za jamii, wa kwanza na wa pili kwa sababu hiyohiyo: wa pili unatokana na jinsi wa kwanza ulivyopokelewa. Ukitaka kuona jina linavyofanya kazi kwa wingi, kumbuka Dar es Salaam Januari 2015, pale uvumi wa Panya Road, genge la vijana waporaji, ulipoufanya mji mzima ufunge milango jioni moja. Kuanzia hapo kundi lolote la wavulana waliosimama pamoja liliweza kuitwa hivyo.

Akiwa na miaka 17 Dogo alikamatwa barabara ya Raskazone. Wenzake wawili wakubwa walikuwa na bodaboda, yeye amekaa nyuma, kazi yake kukwapua simu za wanaotembea jioni. Dada mmoja aliikatalia simu yake, akaburutwa, mkono ukavunjika. Yule dada hatakiwi kupotea katikati ya nadharia: alikuwa anashona nguo kwa kuishi, na alikaa miezi miwili bila kushona. Wale wawili walifungwa. Dogo hakufungwa, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto apewe kifungo, na mtaa ukasema serikali inalea wezi.

Nilikwenda kumwona. Safari hii hakusema niliichukua tu, wala hakutaja mzani wa mtu. Alisema, "Mwizi nilishakuwa, mzee. Kilichokuwa kimebaki ni kuiba."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuliandika popote. Kila Jumanne, kwa miezi saba, nilikuwa nikienda kumwona nyumbani kama amri ya uangalizi ilivyotaka. Nilikwenda na pikipiki ya ofisi yenye namba za serikali, naiegesha mlangoni kwao, nakaa nusu saa. "Ukija, watu wanatoka nje kuangalia," alisema. "Ukiondoka wananiuliza, umeiba nini tena?" Mahakama ilikuwa imeziba masikio ya mtaa wote, na mimi nilikuwa nakwenda kuyazibua kila wiki kwa ekzosi.

Sisemi jina ndilo lililomvunja mkono yule dada. Wapo wengi waliobandikwa wasirudie, na nadharia ya Becker haituambii kwa nini. Aliyenisaidia zaidi hapo ni John Braithwaite, Mwaustralia, aliyeandika mwaka 1989 kwamba aibu ziko mbili: inayolilaani tendo kisha ikamfungulia mtu mlango arudi, na inayomfukuza pamoja na tendo lake. Ngamiani tulikuwa mabingwa wa hiyo ya pili, wakati misiba na harusi zetu zote zimejengwa juu ya ile ya kwanza.

Dogo alihama nyumbani. Nahodha mmoja kutoka Pemba, aliyekuwa akishusha samaki kwenye soko la samaki la Deep Sea, alihitaji mtu wa kulala na mashine ya boti na kuilinda, akamchukua. Hakumuuliza ametoka wapi, kwa kuwa na yeye alikuwa mgeni. Robert Sampson na John Laub, mwaka 1993, walipochambua upya maisha ya wavulana 500 wa Boston waliowahi kupelekwa shule za maadilisho, waliona kwamba wengi waliacha uhalifu walipopata kazi ya kudumu au ndoa iliyowatuliza. Mlinzi wa mashine ya boti si ajira ya kuandikia takwimu. Ila ana mashine, na spana, na usiku mzima wa kuzitumia.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka mmoja baadaye, alfajiri, nimekwenda kununua samaki. Alikuwa amepiga magoti ndani ya boti, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Mtu akaita, "Fundi, hebu njoo uione na hii!" Akainua kichwa. Macho yetu yakakutana, nikaona ameniogopa.

"Karibu, mteja," akasema. "Changu leo wapo wazuri."

Nikamuuliza bei kama ninavyomuuliza mtu nisiyemjua. Akanitajia. Ilikuwa ya juu kidogo. Nikalipa, nikafungiwa samaki wangu kwenye mfuko, nikaondoka bila kugeuka nyuma.